Kabla Hujauza Kiwanja kwa Ajili ya Namba ya Chuo

Huu ni msimu wa barua za vyuo. Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia zetu, picha za barua za udahili zinapita kila siku, na chini ya kila picha hakosi mjomba mmoja wa kuuliza: "Hicho chuo ni cha ngapi duniani?"

Swali hilo limenifikia mwezi huu likiwa na uzito zaidi. Baba mmoja anayeishi Muscat ameniandikia kwamba binti yake amepata nafasi mbili za kusomea uuguzi Uingereza. Chuo kimoja kimo katika vyuo mia bora vya dunia. Cha pili hakimo hata katika mia tano, lakini ada yake ni nafuu sana. Ili alipie kile cha kwanza, itabidi auze kiwanja chake cha Tanga. "Dada yangu," ameandika, "wewe uko huko na umesoma huko. Hiyo namba ina thamani ya kiwanja?"

Nitamjibu, ila kwanza tuifungue hiyo namba tuone ndani mna nini. Kazini kwetu muuguzi hapokei kipimo bila kujua kimepimwa kwa nini na kwa mgonjwa yupi. Ukipima shinikizo la damu kwa mkanda mdogo kuliko mkono wa mgonjwa, utasoma namba ya juu kuliko hali halisi. Mashine haikukosea, mkanda ndio haukumfaa mgonjwa. Namba za vyuo nazo zina mikanda yake.

Namba inatoka wapi

Orodha zinazotajwa zaidi ni tatu. Ya Shanghai ilianza 2003, ikitengenezwa na Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha mji huo. QS na Times Higher Education walianza pamoja 2004, kisha wakaachana, na tangu 2010 kila mmoja anatoa yake. Fomula zao hazifanani, lakini zote zinaegemea utafiti: chuo kimechapisha makala ngapi za kitaalamu, na makala hizo zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine.

Chukua fomula ya Shanghai. Asilimia 30 ya alama ni tuzo za Nobel na medali za Fields walizopata wahitimu na wahadhiri. Asilimia 20 ni makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science. Asilimia 20 nyingine ni idadi ya watafiti wa chuo walio kwenye kundi la wanaorejelewa zaidi duniani. Katika orodha ya Times Higher Education, ubora wa utafiti, unaopimwa kwa marejeo, ni asilimia 30 ya alama zote. QS wanatoa asilimia 20 kwa marejeo kwa kila mhadhiri, na asilimia 30 kwa sifa ya chuo, yaani wanawauliza wasomi vyuo gani wanavyoviona bora. Wodi atakayojifunzia binti yako, na mwalimu atakayemwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa aliyepooza, hutaviona katika fomula yoyote kati ya hizo.

Kurejelewa maana yake ni hii: mtafiti anapoandika, hutaja kazi za waliomtangulia alizozitumia. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kwamba marejeo hayo yakusanywe kwenye faharasa moja, ili msomaji aweze kufuata nani amemtaja nani. Juzuu za faharasa hiyo zikaanza kutoka miaka ya 1960. Lengo lilikuwa kumsaidia mtu kutafuta makala. Kuvipanga vyuo foleni kulikuja baadaye.

Leo marejeo yanahesabiwa na kanzidata kubwa kama Web of Science, ambayo ndiyo mrithi wa kazi ya Garfield, na Scopus ya kampuni ya Elsevier, iliyoanza 2004. Mwaka huohuo ikaja Google Scholar, ambayo ni ya bure. Kila moja ina majarida inayoyasoma na isiyoyasoma. Kwa hiyo chuo kilekile, mwaka uleule, kitapata hesabu tatu tofauti, na zote zitakuwa sahihi kwa anayehesabu.

Kwa mtafiti mmoja mmoja kuna kipimo kinachoitwa h, alicholeta mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Tuseme una makala tano, zimerejelewa mara 40, 12, 5, 3 na 1. Kipimo chako cha h ni 3, kwa sababu unazo makala tatu zenye marejeo matatu au zaidi kila moja, lakini huna nne zenye manne au zaidi. Hata ile ya marejeo 40 ingepata 4,000, h yako ingebaki 3 palepale. Kipimo hiki kinampenda mtu aliyekaa kazini muda mrefu, na kijana aliyeandika makala moja ya maana sana hakimwoni.

Hesabu sahihi, picha potofu

Tuanze na wastani. Majarida yana alama yao: unahesabu marejeo ya mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Mwaka 2008 jarida la Acta Crystallographica, sehemu A, lilikuwa na alama ya 2.05. Mwaka 2009 likaruka hadi 49.9, likawapita majabali. Sababu ilikuwa makala moja tu, iliyoeleza programu za kompyuta ambazo wanasayansi wengi wa fani hiyo wanazitumia, hivyo kila aliyezitumia akaitaja. Makala nyingine za jarida hilo zilibaki zilivyokuwa. Wodi yenye wagonjwa kumi, tisa wakiwa hawana homa na mmoja akichemka, huwezi kuitibu kwa wastani wa joto.

Pili, fani hazilingani. Tiba na baiolojia zina watafiti wengi wanaoandika upesi na kutajana sana. Hisabati huenda polepole. Anayechambua mashairi ya Pemba kwa Kiswahili ana wenzake wachache mno wa kumtaja. Ukivilinganisha vyuo kwa marejeo matupu, chenye kitivo kikubwa cha tiba kitamshinda chenye wanahistoria mahiri. Ndiyo maana kuna vipimo vinavyolinganisha makala na makala za fani yake na za mwaka wake, ambapo 1 ni wastani wa dunia, na 1.5 ni asilimia 50 juu ya wastani. Ukikuta chuo kinajisifu kwa marejeo, uliza kama kimelinganisha fani.

Tatu, makala za kanzu moja watu elfu. Mwaka 2015 wanafizikia walichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Ilikuwa na kurasa 33, na 24 kati ya hizo zilikuwa majina ya waandishi na taasisi zao tu. Chuo kidogo chenye wanafizikia wawili humo kikipewa marejeo yote ya makala kama hiyo, kitang'aa kuliko umri wake. Mwaka huo Times Higher Education waliziondoa kwenye hesabu makala zenye waandishi zaidi ya 1,000, na mwaka uliofuata wakazirudisha kwa utaratibu wa kugawana. Kwa mabadiliko ya aina hiyo chuo kinaweza kupanda au kushuka bila mtu yeyote chuoni kubadili lolote.

Nne, na hili nalisema kama muuguzi: kurejelewa si kusifiwa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala iliyohusu watoto 12 tu, ikaunganisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Utafiti mkubwa uliofuata haukuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida likaifuta. Makala hiyo imerejelewa mara maelfu, na wengi walioitaja waliitaja ili kuipinga. Kwenye kanzidata, kupingwa na kusifiwa vyote vinahesabiwa moja moja. Hadi leo akina mama wa jumuiya zetu wananiuliza kuhusu hofu iliyoanzia pale.

Mgema akisifiwa

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndivyo ilivyokuwa namba zilipoanza kuleta fedha na wanafunzi.

Mwaka 2010 Times Higher Education walikiweka Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, nafasi ya 147 duniani, na katika kipimo cha marejeo kikashika nafasi ya nne. Watu walishangaa. Ikaonekana kwamba alama hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na makala za mwandishi mmoja, nyingi zikiwa zimetoka katika jarida alilokuwa akilihariri mwenyewe. Mwaka uliofuata fomula ikarekebishwa. Mwaka 2011 jarida la Science likaripoti kwamba vyuo vya Saudi Arabia vilikuwa vikiwalipa wanasayansi maarufu wa nje ili waandike jina la chuo hicho pamoja na la chuo chao halisi, huku wakitakiwa kufika kwa wiki chache tu kwa mwaka. Mwanafunzi aliyevutiwa na namba zile hangewakuta darasani.

Wasomi wenyewe wamelipigia kelele jambo hili. Tamko la San Francisco, lililotoka 2013, linataka mtafiti asipimwe kwa alama ya jarida alimochapisha. Ilani ya Leiden ya 2015 ina kanuni kumi, na ya kwanza inasema namba zisaidie hukumu ya wataalamu, zisichukue nafasi yake. Chuo Kikuu cha Utrecht kilijitoa kwenye orodha ya Times Higher Education mwaka 2023, na Zurich kikafuata 2024. Sorbonne ya Paris iliacha kulipia Web of Science. Vyote hivyo ni vyuo vikubwa, kwa hiyo usiseme ni sizitaki mbichi hizi.

Uingereza ina njia nyingine ya kupima. Kila baada ya miaka kadhaa serikali hupima utafiti wa vyuo kwa kamati za wataalamu wanaozisoma kazi zenyewe. Katika tathmini ya 2021, kazi zilizochapishwa zilipewa asilimia 60, mazingira ya utafiti 15, na asilimia 25 zilienda kwenye manufaa ya utafiti nje ya chuo: umebadilisha nini hospitalini, shuleni au katika sheria? Matokeo yanatolewa kwa fani na yako wazi kwa kila mtu. Kwa mfano, uuguzi upo katika kundi moja na famasia, meno na fani nyingine za afya. Chuo kisichoonekana katika mia tano za dunia kinaweza kuwa na uuguzi wenye alama nzuri humo.

Yasiyoingia kwenye hesabu

Swali hilo la manufaa lina jibu karibu na kwetu. Utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa kutoka Kilifi, ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi yenyewe, Muheza kule Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Uliuliza jambo ambalo wengi walidhani linajulikana: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka? Vitabu vilisema ndiyo. Watoto 3,141 waliingia kwenye sehemu kuu ya utafiti, nao ukasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa sababu jibu lilikuwa linatisha. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10 au 11. Kati ya wale ambao hawakupewa, walifariki 7.

Matokeo yalichapishwa 2011 katika New England Journal of Medicine, na yamerejelewa sana. Lakini hesabu ya marejeo haiwezi kukuambia kwamba hapo kuna watoto ambao wako hai kwa sababu muuguzi fulani alipunguza kasi ya dripu. Wala haiwataji wauguzi wa zamu waliokuwa wakipima mapigo ya watoto hao usiku. Marejeo huenda kwa waandishi na taasisi zao.

Walimu walionifundisha stashahada nyumbani nao hawamo katika hesabu hizo. Walitufundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, taa ikiwa imekatika, na walitusahihisha papo hapo. Nilipofika kwenye shahada ya ng'ambo, kusoma takwimu za utafiti nilifundishwa vizuri sana. Mikono nilikuwa nimekuja nayo.

Lakini namba ina nguvu

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu namba hii, hata ikiwa na kasoro, inafungua na kufunga milango. Mei 2022 Uingereza ilianzisha viza ya wahitimu wa vyuo bora vya nje. Ili chuo kikubalike ilibidi kiwemo katika 50 bora za angalau mbili kati ya zile orodha tatu. Orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Kijana aliyehitimu kwa alama za juu Makerere, Nairobi au Dar es Salaam aliachwa nje, na aliyehitimu kwa kubahatisha katika chuo kilichomo akaruhusiwa kuomba. Uholanzi nayo ina kibali cha wahitimu kutafuta kazi kinachoziangalia orodha hizi, ila mstari wake ni 200 bora. Kwa hiyo familia inayopanga mbali isizipuuze orodha. Ila ijue inazitumia kama tiketi, na tiketi haikwambii dereva anaendeshaje.

Kwa baba wa Muscat

Sasa kaka yangu, nakujibu. Kwa shahada ya kwanza ya uuguzi Uingereza, la kuangalia kwanza ni kama kozi imeidhinishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko, kwa maana bila hilo binti hatasajiliwa. Kanuni yao ya saa 4,600 za mafunzo, nusu zikiwa za vitendo, ni ileile kwa chuo cha namba 60 na cha namba 600. Baraza halisajili watu kwa nafasi ya chuo. Viza ya kubaki baada ya kuhitimu kwa waliosomea Uingereza nayo haiulizi chuo ni cha ngapi.

Kwa hiyo uliza haya kwa vyuo vyote viwili, kwa barua pepe, ubaki na majibu. Mafunzo ya vitendo yanafanyika hospitali zipi, na nauli analipa nani? Wanafunzi wangapi wanaoanza humaliza? Akifeli somo, kurudia ni bei gani? Kuna mshauri wa wanafunzi wa kigeni anayepatikana? Na kama binti atarudi Tanzania, wasiliana mapema na Tume ya Vyuo Vikuu na baraza la wauguzi la nyumbani kuhusu utambuzi. Kama anatazamia ajira au ufadhili wa Oman, ulizeni wizara husika huko huko Muscat, kabla ya kulipa amana.

Majibu yakiwa yanalingana, mimi kiwanja nisingeuza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo nafasi ya mia bora inaweza kuwa tofauti mwaka binti atakapohitimu, na kiwanja cha Tanga ukishakiuza hukipati tena kwa bei ile. Akitaka utafiti baadaye, uzamili au uzamivu, hapo ndipo namba za marejeo zinapoanza kuwa na maana, na hata hapo aangalie idara na msimamizi kabla ya chuo kizima: msimamizi anachapisha pamoja na wanafunzi wake? Jina la mwanafunzi linatangulia au linafichwa mwishoni?

Kwa wanafunzi mlio vyuoni tayari

Nanyi mnaoandika tasnifu sasa hivi, mko ndani ya mashine hii, kwa hiyo itumieni vizuri. Majina yetu yanazisumbua kanzidata. Juma Ali Juma leo anaandikwa J. A. Juma, kesho A. Juma, na mtondo anachanganywa na Juma wengine watatu. Jisajili ORCID, ni bure, upate namba yako ya tarakimu 16, na uandike jina lako na la chuo chako kwa namna moja siku zote.

Kisha, unapotafuta kazi za kurejelea, usiishie ukurasa wa kwanza wa Google Scholar. Ingia African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Kama mada yako ni malaria ya Ifakara au uzazi wa Pemba, yupo mtu wa kule aliyeandika, na huenda hajawahi kutajwa na yeyote nje ya mkoa wake. Soma kazi yake kwa jicho kali kama unavyosoma za wengine. Ikiwa nzuri, itaje. Ndivyo marejeo yanavyoanza, mtu mmoja akimtaja mwenzake kwa haki.

Maswali yenu ya mwezi ujao nitumieni kama kawaida. Tayari ninayo mawili kuhusu chanjo za safari kwa watoto mnaowapeleka nyumbani likizo, na nitaanza na hayo.